Juraj Slafkovský: mikono mirefu, macho chini

Mabao 5 katika mechi 31. Mabao 7 katika mechi 7. Mchezaji ni yule yule na msimu ni ule ule, 2021–22. Yale matano aliyafunga katika Liiga, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Finland, akiwa na TPS ya mji wa Turku. Yale saba aliyafunga Beijing, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 2022, akiichezea Slovakia. Alikuwa na miaka 17.

Miezi mitano baadaye, tarehe 7 Julai 2022, Montreal Canadiens walitakiwa kuamua ni yupi kati ya hao wawili ndiye Juraj Slafkovský mwenyewe. Walikuwa wameburuza mkia NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ushindi 22 tu katika mechi 82, bahati nasibu ikawapa zamu ya kwanza ya kuchagua, na drafti yenyewe, siku ambayo klabu huchagua vijana kwa zamu, ilifanyika nyumbani kwao, Bell Centre, mashabiki wao wakitazama. Nakirudia kisa hiki mara kwa mara kwa sababu wengi wanaompima mshambuliaji kijana hujikwaa hapo hapo: wanaandika safu mbili, nguvu upande huu na udhaifu upande ule, kana kwamba vimetoka kwa watu wawili. Kwa kijana huyu vilitoka kwenye shina moja, na asiyeliona shina hilo alimkadiria vibaya, ama kwa kumpandisha au kwa kumshusha.

Kwenye kona

Alizaliwa Košice tarehe 30 Machi 2004, na mwaka 2019, akiwa na miaka 15, akahamia Turku kujiunga na TPS. Kufikia siku ya drafti alikuwa na kimo cha zaidi ya mita 1.90 na uzito unaokaribia kilo 100. Anacheza winga. Umbo pekee si sifa. Kila mwaka drafti ina majitu yanayoteleza kama makabati yanayosukumwa. Cha kuangalia ni mtu analifanyia nini umbo lake.

Basi mtazame kwenye kona. Kisahani, ambacho katika hoki ndicho mpira, kimegonga ubao wa pembeni na kurudi miguuni pake, beki anakuja mgongoni kwa kasi. Winga wa miaka 17 wa kawaida hukitupa popote ili asibamizwe. Slafkovský anafanya kinyume. Anatanua miguu, anamgeuzia beki mgongo, anabaki na mkono mmoja tu kwenye gongo na kukisogeza kisahani mbele kabisa, mbali na mwili, kama mtu anayemnyima mdogo wake pipi. Mkono wa pili unamkinga beki. Beki akizunguka kulia, naye anazunguka. Beki akisukuma, anautumia msukumo ule ule kusonga mbele. Sekunde moja, mbili, tatu. Kiwiliwili kizima na urefu wote wa gongo viko kati ya beki na kile anachokitafuta, na mwenzake wa timu ameshajitenga mbele ya lango.

Hiyo haifundishiki kirahisi. Mikono ya mtu mkubwa kwa kawaida ni mizito. Yake ilikuwa laini, na utulivu wake chini ya shinikizo ulikuwa wa mtu mzima. Shuti lake lilitoka haraka bila maandalizi marefu. Maskauti, wasaka vipaji wa klabu, waliyaandika haya yote, na hapakuwa na ubishi.

Sasa zihesabu zile sekunde tena. Tatu. Barafuni ni muda mrefu mno. Katika Liiga beki wa pili mara nyingi huchelewa kufika; katika NHL anafika kwenye sekunde ya pili, na yeye haji kunyang'anya kisahani, anakuja kukupiga kumbo. Na jiulize kijana anaangalia wapi wakati anakizungusha kile kisahani kwa mkono mmoja. Anakiangalia kisahani. Macho chini, kichwa kimeinama, mwili umejinyoosha hauna kinga.

Kwa hiyo ripoti iliyosema "nguvu: analinda kisahani, udhaifu: anachelewa kuamua, anainamisha kichwa" ilikuwa inaeleza tendo moja mara mbili bila kujua. Kinachomfanya akae na kisahani ndicho kinachomfanya achelewe kukitoa. Swali la maana lilikuwa jingine kabisa: je, anakaa nacho kwa sababu anaona kitu ambacho wengine hawajakiona, au kwa sababu tu anaweza?

Beijing, bila kulewa

Mabao saba yanalevya. Alifunga mawili dhidi ya Finland katika mechi ya kwanza ambayo Slovakia ilifungwa 6–2. Alisawazisha dhidi ya Marekani katika robo fainali iliyokwisha kwa mikwaju ya penalti. Akafunga mawili Slovakia ilipoichapa Sweden 4–0 na kutwaa shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hiyo katika hoki. Akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Wachezaji wa NHL hawakuwepo, maana ligi ilikuwa imejitoa Desemba 2021 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, lakini mabeki aliokutana nao walikuwa wanaume wenye ndevu, wengi wao wa ligi kubwa za Ulaya.

Mechi saba hazitoshi kupimia umaliziaji. Mtu yeyote mwenye shuti zuri anaweza kupata wiki mbili ambazo kila kitu kinaingia. Ukiniuliza nini cha kubeba kutoka Beijing, nitaacha mabao na kubeba mambo mawili. La kwanza ni uwanja. Barafu ya Beijing ilikuwa na upana wa NHL, kama mita 26, si mita 30 zilizozoeleka katika mashindano ya kimataifa. Mita nne zikipungua, pembe ya kupiga shuti inakuwa nzuri mapema zaidi na beki naye anakufikia mapema zaidi. Hoja ya "ngoja uone akibanwa kwenye uwanja mdogo" ilikuwa imepata jibu la awali.

La pili ni safu ya asisti. Sifuri. Mabao saba, asisti hata moja hakuna. Watu waliipita namba hiyo wakikimbilia kushangilia, nami naona ndiyo iliyokuwa inasema zaidi, kwa sababu miezi mitatu tu baadaye, Mei 2022, kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika Finland, kijana huyo huyo alicheza mechi 8 akatoa asisti 6 na kufunga 3. Pale wachezaji wa NHL walikuwepo. Mabeki walikuwa wameshaona picha za Beijing, wakambana mapema asipige, naye akawapa wenzake. Angekuwa anashikilia kisahani kwa sababu tu anaweza, angeendelea kushikilia. Mimi ningeweka mkanda wa Mei juu ya mkanda wa Februari, ingawa hauna medali.

Tano katika thelathini na moja

Upande wa pili ulikuwa na hoja nzito. Pointi 10 katika mechi 31 za Liiga, mabao 5 na asisti 5, ni kidogo kwa mtu anayetajwa wa kwanza. Kaapo Kakko, katika klabu hiyo hiyo ya TPS na umri unaolingana, alipata pointi 38 katika mechi 45 msimu wa 2018–19. Patrik Laine, naye katika Liiga, alipata 33 katika mechi 46 msimu wa 2015–16. Kwa kila mechi, Slafkovský alikuwa chini ya nusu ya wote wawili.

Lakini Kakko huyo huyo mwenye namba nzuri alichaguliwa wa pili mwaka 2019, akaenda New York Rangers, na msimu wake wa kwanza ukamalizika kwa pointi 23 katika mechi 66. Laine, kwa upande wake, alifunga mabao 36 katika mwaka wake wa kwanza. Njia moja, namba zinazokaribiana, wanaume wawili tofauti. Pointi za ligi ya wakubwa zinakuambia kijana hajazama. Hazikuambii ni kipi kati ya anavyovifanya kitaishi pale nafasi zitakapobana.

Mwishoni mwa msimu TPS ilifika fainali ya Liiga na kupoteza kwa Tappara, Slafkovský akicheza mechi 18 za mchujo kwa mabao 2 na asisti 5. Si namba za kutisha. Ila kocha anayetafuta ubingwa hamchezeshi mtoto mechi 18 za mchujo kwa ajili ya kumlea.

Mshindani wake mkubwa alikuwa Shane Wright, senta (mshambuliaji wa katikati) wa Kingston Frontenacs: pointi 94 katika mechi 63 za ligi ya vijana ya Ontario. Wright alikuwa aina ya mchezaji ambaye safu ya udhaifu unaijaza kwa shida. Anajua kujipanga, analinda, anafunga, anapita. Idara ya usakaji vipaji ya NHL ilimweka namba moja kwa Amerika Kaskazini na Slafkovský namba moja kwa nje ya bara hilo, orodha mbili tofauti, kwa hiyo kila upande ukapata cha kushikilia.

Hapa pana mtego ambao haumo barafuni. Mwaka 1980 Montreal walikuwa na chaguo la kwanza, wakamchukua Doug Wickenheiser, senta mwenye umbo, wakamwacha Denis Savard aliyekuwa akicheza hoki ya vijana katika mji wao wenyewe. Savard akaenda Chicago na mwishowe akaingia Jumba la Heshima la hoki. Mji haukusahau. Mwaka 2018 wakamchagua Jesperi Kotkaniemi wa tatu, wakamchezesha NHL akiwa na miaka 18, akapata pointi 34 katika mechi 79, kisha akasuasua hadi 2021 Carolina ilipomchukua kwa ofa ya mkataba ambayo Montreal hawakutaka kutoa inayolingana nayo. Meneja mkuu Kent Hughes na bosi wake Jeff Gorton hawakuwepo kwenye makosa hayo, lakini walikaa kwenye viti vilevile. Aliyeogopa kurudia 1980 angemchukua Wright. Wao walimtaja Slafkovský. New Jersey wakamchukua Mslovakia mwenzake Šimon Nemec, Arizona wakamchukua Logan Cooley, na Wright akateleza hadi nafasi ya nne, Seattle.

Mwaka wa kumbo

Msimu wa kwanza ulikuwa mbaya, tuseme wazi. Mechi 39, mabao 4, asisti 6, akicheza safu za chini za ushambuliaji kwa kama dakika 12 kwa mechi. Novemba 2022 alifungiwa mechi 2 kwa kumbamiza mchezaji wa Detroit ubaoni, kosa la mtu ambaye bado hajajua ukubwa wake unaumiza kiasi gani. Januari 2023 goti likamtoa, msimu ukaisha.

Lakini kilichowatia watu hofu zaidi ni kumbo. Mara kwa mara alikuwa anaingia katikati ya uwanja na kisahani, macho kwenye gongo, na beki anamsubiri pale pale. Kilichokuwa kinafanya kazi kwenye kona, ambako ubao unamlinda upande mmoja, alikuwa anakileta katikati ambako hakuna ubao. Tabia ilikuwa moja, ila sasa bei yake ilikuwa nyingine.

Ubishi ukahamia kwingine: abaki Montreal au apelekwe Laval, timu yao ya AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL? Kwa kanuni za wakati huo kijana wa umri wake aliyetoka katika ligi za vijana za Kanada asingeweza kucheza AHL, lakini yeye aliyetoka Ulaya aliruhusiwa. Mlango ulikuwa wazi. Hoja ya Laval niliiona na bado naiona kuwa ilistahili kusikilizwa zaidi: dakika 20 kwa mechi, kisahani muda wote, makosa mbali na kamera. Klabu ikajibu kwa vitendo kwamba tabia inayotakiwa kuvunjwa inavunjwa na kasi ya NHL tu, kwa sababu Laval sekunde ya tatu bado ingekuwepo. Hoja hiyo ningeiita ujanja wa maneno, kama isingetokea kuwa kweli.

Kocha mfupi, winga mrefu

Kocha alikuwa Martin St. Louis. Mtu wa kama mita 1.73 ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti yoyote, kisha akaongoza NHL kwa pointi mara mbili, 2004 na 2013. Ni kinyume cha mwanafunzi wake kwa kila kipimo cha futi. Mchezaji mfupi kama yeye aliishi kwa kitu kimoja: kujua kisahani kitakwenda wapi kabla hakijafika, kwani kikishafika amechelewa. Slafkovský alikuwa hajawahi kukihitaji kitu hicho. Tangu utotoni, mwili ulikuwa unamnunulia muda.

Mapema Desemba 2023 aliwekwa safu ya kwanza na Nick Suzuki na Cole Caufield, na hapo ndipo ripoti ya 2022 ilianza kusomeka upya. Caufield ni mdogo na ni mpigaji. Suzuki ni senta anayefikiri. Wote wawili walihitaji mtu wa kuchimba kona. Kazi aliyopewa ilikuwa ile ile aliyokuwa akiifanya Turku, isipokuwa sasa alikuwa anajua mapema ni nani wa kumpa. Ukimtazama kipindi hicho, angalia shingo. Kabla kisahani hakijamfikia kwenye ubao anageuka mara moja, wakati mwingine mara mbili, kuangalia begani. Mtazamo wa nusu sekunde. Kisha anapokea, anamgeuzia beki mgongo kama zamani, na kwenye sekunde ya kwanza au ya pili kisahani kimeshaondoka. Mikono haikubadilika hata kidogo.

Alimaliza 2023–24 na mechi zote 82, mabao 20, asisti 30.  Mabao mengi yalikuja baada ya mwaka mpya, yakiwemo matatu katika mechi moja tarehe 9 Aprili 2024 Montreal ilipoichapa Philadelphia 9–3.

Ningekuwa naandika ripoti yake leo kwa kurudi nyuma hadi Juni 2022, ningeacha safu mbili na kuuliza kila kitu kinatokana na nini. Ulinzi wa kisahani unatokana na mwili na utulivu, hauondoki. Shuti linatokana na mikono. Nalo linabaki, ila analitumia kwa uchache kuliko inavyofaa, na hiyo ni aibu ya kijana anayetaka kuwapa wakubwa. Kichwa chini kinatokana na kutowahi kuadhibiwa. Kinarekebishika, na NHL ina walimu wa kutosha wenye mabega mapana. Hatua tatu za kwanza ni nzito, zinatokana na uzito na mbinu ya kuteleza. Zitapungua uzito lakini hatakuwa mkimbiaji. Hii ya mwisho ndiyo pekee ningeiita udhaifu bila kuongeza neno.

Kosa la waliompandisha kwa ajili ya Beijing na kosa la waliomshusha kwa ajili ya Liiga lilifanana: wote walihesabu kilichotokea mwishoni mwa tukio, bao au hakuna bao. Mshambuliaji wa miaka 17 anapimwa vizuri zaidi kwenye sekunde mbili kabla ya hapo.

Wright, kwa taarifa ya wanaopenda kufunga mjadala mapema, hakuwa uamuzi mbaya pia. Alichukua muda mrefu zaidi kuota mizizi Seattle, na asiye na kasoro za wazi naye ana tatizo lake: hujui umwambie arekebishe nini.

Tarehe 1 Julai 2024 Montreal walimpa Slafkovský mkataba mpya wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 60.8. Alikuwa na miaka 20 na msimu mmoja tu mzuri. Msimu uliofuata, 2024–25, alicheza mechi 79, akafunga 18 na kutoa asisti 33: pointi 51, moja zaidi ya mwaka uliotangulia. Na tena alianza taratibu, mabao yakasubiri hadi baridi ikolee. Misimu miwili mfululizo ya namna hiyo si bahati mbaya tena. Katika ripoti yangu, mstari wa Oktoba hadi Desemba bado una alama ya kuuliza.